Friji Kwenye Nyumba Isiyo na Stima

Habari zilifika Gatina, mtaa wa Kawangware, asubuhi, na kabla jua halijashuka friji ya Kagiri ilikuwa imehamia kwa Syombua.

Ilibebwa na watu wawili, Kagiri mbele na Mbuthia wa bodaboda nyuma, ikapita chini ya kamba za nguo kwa heshima zote, kama jeneza la mtu aliyekufa akiwa na pesa zake. Kagiri huuza maziwa dirishani kwake, na hiyo friji ndogo ndiyo ng'ombe wake. Nyuma yao alikuja Tracy, msusi wa mlango wa pili, amekumbatia televisheni kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Songa kidogo, mathe," Tracy akasema. "Tunakuletea maendeleo."

Syombua hakusonga haraka. Alikuwa ameketi mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alikuwa ametoka kufua mablanketi Lavington, na mwenye nyumba ile ni mtu wa kusema "na hii pia, na hii pia" mpaka hata jua lichoke.

"Yaleteni polepole," akasema. "Munyao amelala."

"Sijalala," sauti ya mumewe ikatoka ndani. "Hiyo friji iko na maziwa?"

"Iko na baridi ya jana tu, mzee," Kagiri akajibu. "Na kwako hakuna pa kuichomeka, kwa hivyo tulia."

Ilikuwa kweli. Waya wa stima wa nyumba ile ulikuwa umekatwa na keateka, msimamizi wa ploti, tangu Syombua aliposhindwa kuchangia tokeni za umeme mara mbili mfululizo. Friji bila stima ni kabati, na televisheni bila stima ni kioo cha kujitazamia uzee. Lakini siku hiyo hakuna aliyetaka kuwasha kitu. Walitaka kuficha.

Kesho yake watu wa kuandikisha walikuwa wanakuja. Hawakuwa wa serikali wala wa kanisa. Lilikuwa shirika la nje lililokuwa likijaribu jambo moja katika nchi kadhaa kwa wakati mmoja: kuwatumia pesa kwa simu, mwezi baada ya mwezi, watu waliopigwa na bei ya vitu, halafu kulinganisha watu wa nchi gani wamezifanyia nini. Hapa Nairobi wangepita Kibera na Kawangware. Hawangechagua kwa macho, wala kwa neno la chifu. Wangeingia nyumbani na tableti, waulize una hiki, una kile, kisha kompyuta iamue nani ni maskini wa kutosha.

Maskini wa kutosha! Ploti nzima ilikuwa ikijiandaa kwa mtihani huo tangu unga upande bei, na bado kila mtu aliogopa kufeli.

Aliyeleta mbinu ni Mildred, mama fua mwenzake Syombua, mkazi wa Soweto East kule Kibera. Kibera ni chuo kikuu cha kuhojiwa, na Mildred alishachukua digrii mbili. Ameulizwa kuhusu vyoo, mbu, majiko, maji, uzazi na hata kama ana furaha. Alasiri hiyo, kabla vitu havijahamishwa, alikuja Gatina kumsalimia Syombua, akajikuta anatoa semina uani.

"Mimi nimeulizwa mpaka nikaota naulizwa," akawaambia. "Nyinyi wa Kawangware ni form one. Kitu yoyote iko na waya, itoke kwa nyumba. Wakikusomea ile karatasi ya kusema mahojiano haya hayamaanishi utapata msaada, wewe tingisha kichwa. Hiyo ni kama 'usikojoe hapa'. Imeandikwa, na ukuta bado uko na maji."

"Na vitu tupeleke wapi?" Tracy akauliza.

"Nyumba ya mwisho. Hao huanzia geti. Wakimaliza kwenu, mnakuja mnatoa vitu zenu kabla wafike hapo."

Nyumba ya mwisho, iliyopakana na choo, ilikuwa ya Syombua. Wote wakamgeukia. Hakuna aliyemuuliza, na hakukuwa na haja ya kumuuliza. Munyao alikuwa fundi wa mjengo mpaka mbao za kukwelea zilipomsaliti kwenye ghorofa moja Kileleshwa, akavunjika nyonga, na mwenye kazi akabadilisha namba ya simu. Tangu hapo, Syombua akienda kufua, Mbuthia ndiye humbeba mzee kumpeleka choo asubuhi kabla ya kuwasha pikipiki. Saa sita Tracy huacha kichwa cha mteja kikiwa nusu, akampa uji. Kagiri hutia maziwa kwenye uji huo na hujifanya amesahau. Huwezi kumkatalia friji mtu ambaye maziwa yake yamo tumboni mwa mumeo.

"Wekeni," Syombua akasema.

Wakaweka. Televisheni mbili, kwa kuwa Mbuthia pia alikuwa nayo. Spika ya Mbuthia, ile inayoitetemesha ploti kila Jumapili. Syombua akafunika kila kitu kwa leso, na chumba kikaonekana kama kimefiwa.

Jioni ile walikula sukuma wiki katikati ya mali ya watu. Munyao alikuwa amelala ubavu akiitazama friji. Mchana kutwa yeye na redio ya betri ndio huwa pamoja, na redio ilikuwa imemharibu: alizijua nchi zote zilizowahi kumpa mtu kitu bure, akazipanga kama ligi.

"Uingereza wakati wa korona," akaanza, "serikali ililipa watu mishahara wakiwa wamekaa nyumbani. Wamekaa tu, Syombua."

"Na wewe umekaa. Nani anakulipa?"

"Hao tusiwahesabu, wanacheza uwanja wao. Chukua Brazil. Kadi ya pesa anapewa mama. Si baba, mama."

"Hao wana akili."

"Afrika Kusini walitoa randi mia tatu na hamsini. Togo, kanchi kadogo hivi, walituma kwa simu, hakuna foleni. Ethiopia unachimba mtaro kwanza, ndiyo unapewa."

"Nimechimba wangu leo ndani ya blanketi za watu. Na sisi tuko namba ngapi?"

Munyao akafikiria kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wa jirani.

"Kwetu vijana walipewa kazi ya kufagia mitaa, halafu ikaisha. Mimi na wewe tumepewa Tracy."

Syombua akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayehifadhi nguvu. Kisha akarudia sahani yake, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo wote wawili walilijua na hawakutaka kulitia kinywani pamoja na chakula. Naftaly, mwenye ploti, alikuwa amesema kodi ifike mwisho wa mwezi, au nyumba ipewe mtu mwingine. Naftaly si mbaya. Alisema hivyo akiwa ameshika kofia mkononi. Lakini nyumba ikienda, Syombua angelala sakafuni kwa Mildred, na Munyao angepakiwa kwenye basi la Mwingi kwa kaka yake Mbuvi, ambako mvua ilikuwa imekataa tena na zahanati iko mbali. Syombua alikuwa ameona wanaume waliorudishwa nyumbani wamelala. Hakumkumbuka hata mmoja aliyerudi Nairobi.

Kwa hiyo alizitaka pesa zile. Alizitaka kiasi kwamba hakuthubutu kuziombea, asije akazitisha.

*

Asubuhi Mbuthia alimbeba Munyao kama kawaida, akamrudisha, akaondoka. Tracy akaketi mlangoni kwake na kitana, bila mteja. Kagiri akaanika mkeka. Ploti nzima ilikuwa maskini, safi, tayari.

Msichana wa tableti hakupitia getini. Aliingia kwa uchochoro wa choo, akagonga mlango wa kwanza aliokutana nao.

"Habari yako, mama. Naitwa Marion. Tableti imesema kwa hii ploti nianzie nyumba ya mwisho."

Syombua akashika fremu ya mlango. Nyuma ya Marion, uani, Tracy alisimama, kitana kikabaki hewani.

"Si muanzie kule mbele?" Syombua akasema. "Kule watu wameamka mapema."

"Sichagui mimi, mama. Inachagua yenyewe." Marion alikuwa kijana wa chuo, viatu vimejaa vumbi la mitaa kadhaa, na alizungumza kama mtu anayeosha sahani za harusi ambayo hakualikwa. "Nikiruka, supavaisa ananirudisha. Naingia?"

Akaingia. Akasoma ile karatasi. Syombua akatingisha kichwa. Akauliza umri, watoto, nani anafanya kazi, wamekula nini jana. Syombua akajibu yote, na kila jibu lilikuwa kweli, na kila kweli ilikuwa inamsaidia. Kisha Marion akageuza ukurasa.

"Mna televisheni?"

"Hatuna."

Marion akaitazama leso. Chini yake waya mweusi ulikuwa umetoa kichwa, kama panya.

"Mama."

"Ziko. Lakini si zetu, ni za majirani."

Marion akashusha pumzi. "Tangu nianze hii kazi sijaona televisheni ya mwenyewe hata moja. Zote ni za jirani. Huyo jirani simjui, lakini ana mali."

Kitandani Munyao akakohoa. "Mimi nikiwa na televisheni mbili, msichana wangu, ungenikuta nikisikiliza redio ya betri?"

Marion akanyoosha mkono ukutani, akabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Akainua macho, akauona waya uliokatwa ukining'inia darini. Akainua leso, akafungua friji: ndani mlikuwa na vitunguu viwili na sabuni ya kipande, maana Syombua hakuona sababu ya kuacha kabati zuri likae bure.

"Nani huweka friji kwa nyumba haina stima?"

"Mtu mwenye majirani," Syombua akasema.

Marion akaketi tena, na safari hii aliiweka tableti gotini kama mtu anayetua mzigo. Akapunguza sauti.

"Sikiza, mama. Mimi nakuamini. Lakini nikiandika hivi vitu ni vyenu, kompyuta itakutoa kabla sijavuka hiyo choo. Nikiandika si vyenu, inafungua ukurasa mwingine. Inataka jina la mwenyewe na mlango wake. Nikiacha wazi, haiendi mbele."

"Na ukiandika majina?"

"Kitu kinatoka kwako, kinaenda kwa mwenyewe. Inamhesabia yeye."

Uani Tracy alikuwa amechukua ufagio, na ufagio ulikuwa ukifagia mahali pamoja, karibu na mlango, tena na tena. Syombua aliijua televisheni ile. Tracy aliinunua kwa misuko ya Krismasi moja nzima, enzi wanawake walipokuwa wakisukwa bila kuuliza bei kwanza. Siku hizi wengi walikuwa wamenyoa. Tracy naye alikuwa na kodi. Kagiri alikuwa na kodi. Hakuna hata mmoja pale nje aliyekuwa tajiri. Walikuwa tu na kitu kimoja kimoja chenye waya.

Akamtazama Munyao amsaidie. Munyao, mtu wa kuizungumzia Togo kuanzia asubuhi, alikuwa ameyakaza macho kwenye mabati. Mkono wake ulikuwa umelishika godoro pembeni, kama mtu aliye ndani ya basi kwenye kona.

Basi la Mwingi. Syombua aliliona: kiti cha nyuma, mumewe amelazwa na kufungwa leso asianguke, konda analalamika juu ya nafasi.

Akasema. Alisema kwa sauti ya chini, huku akiitazama sakafu.

"Sijasikia, mama. Sema kwa sauti nisikosee."

"Televisheni kubwa ni ya Tracy," Syombua akasema kwa sauti. "Mlango wa pili. Friji ni ya Kagiri, mwenye maziwa. Hiyo nyingine na spika ni za Mbuthia, karibu na geti."

Ufagio ukasimama.

*

Walikuja kuchukua vitu vyao bila kugombana, na hilo ndilo lililokuwa baya. Kagiri alitoa vile vitunguu na sabuni, akavipanga juu ya meza kwa adabu, kimoja kimoja. Mbuthia alibeba spika yake begani, hakumtazama mzee. Tracy alikuwa wa mwisho.

"Umetuanika, mathe."

"Tracy, mzee wangu angepelekwa Mwingi."

"Najua. Nilikuwa hapo nje, si nilisikia yote." Akaiweka televisheni kiunoni. "Ulisema mlango na ukaweka namba. Ungesema tu 'ni ya huyo msichana', ningekufa polepole."

Mildred alipozisikia habari hizo wakiwa wameketi kando ya barabara wakingoja wa kuwaita kufua, alijipiga paja.

"Kibera hatutaji mtu hai! Unasema ni za dada yako marehemu. Marehemu hana mlango."

"Sikujua."

"Si niliwaambia nyinyi ni form one," Mildred akasema. Lakini hakucheka, na baadaye aligawa mandazi yake nusu kwa nusu.

Ujumbe uliingia kwenye simu kabla mwezi haujaisha. Nyumba ya Syombua imekubaliwa. Katika ploti ile, kompyuta haikumwona mwingine. Pesa zilipofika alimpelekea Naftaly kodi yake yote, Naftaly akavua kofia, akasema Mungu ni mwema. Syombua akaitikia amina. Munyao hakwenda Mwingi. Alibaki kitandani pale pale, ukuta mmoja na choo, na kwa siku moja nzima Syombua alijisikia mwepesi kama nguo iliyokauka.

Kisha ikaja asubuhi, na Mbuthia akawasha pikipiki akaenda zake bila kumbeba mzee.

Syombua akamuinua mumewe mwenyewe, wakafika mlangoni wakiwa na jasho, wakakubaliana juu ya beseni badala ya choo. Saa sita hakukuwa na uji. Kwa hiyo akaanza kutoka Lavington mchana, kwa miguu mpaka Gatina, apike, alishe, amgeuze. Kufikia hapo jua limepinda na hakuna nguo inayoanikwa. Yule mama wa mablanketi akamwambia mimi nusu siku sitaki, lakini kwa kuwa nimekuzoea nitakulipa nusu. Ukiiangalia vizuri, pesa ya shirika ilikuwa inalipia kazi ambayo Tracy alikuwa akiifanya bure akiwa na mafuta ya nywele vidoleni.

Munyao alijaribu kuzungumza. "Huko Brazil, kuna—"

"Munyao. Kwenye hizo nchi zako zote, nani humpa mgonjwa uji saa sita?"

Akawaza. "Hilo redio haijasema."

Marion aliwahi kupiga simu. Alikuwa na swali moja la utafiti: tangu uanze kupokea, maisha yamekuwa afadhali, vile vile, au mabaya zaidi? Syombua akauliza kama kuna la nne. Marion akasema hakuna. Syombua akasema basi andika afadhali, mzee yuko. Akakata simu, akaendelea kusuuza.

Siku moja mablanketi yalimshika. Mvua ilinyesha, yakaanuliwa, yakaanikwa, yakaanuliwa tena, na alipotoka lango la Lavington ilikuwa alasiri kabisa. Alitembea haraka mpaka ubavu ukamchoma. Njiani alikuwa akipanga atakachomwambia mumewe, akaona hakuna la kumwambia mtu mwenye njaa.

Alimkuta Munyao ameegemea ukuta juu ya mto ambao haukuwa wao. Masharubu yake yalikuwa na uji.

"Nani?"

Munyao akaangalia redio.

Syombua akatoka nje. Tracy alikuwa mlangoni kwake, amepata kichwa cha kusuka, vidole vinakwenda. Hakugeuka.

"Alikuwa anaita," Tracy akasema. "Ploti nzima ilisikia. Si ningeziba masikio na nywele za mtu?"

"Tracy, asante."

"Usinishukuru. Sijakupa kitu wewe. Nimempa mzee. Yeye hakutaja mtu." Akavuta unywele, mteja akasema ai. "Wewe shukuru kompyuta yako."

"Kompyuta haijui kupika uji."

"Basi ifundishe. Si mnapigiana simu?"

Mteja akacheka. Tracy hakucheka, lakini pia hakuingia ndani wala hakufunga mlango. Syombua alisimama pale akingoja neno jingine, zuri au baya. Akarudi, akapangusa masharubu ya mumewe kwa pindo la leso.

Kesho yake asubuhi simu ilikuwa na ujumbe kutoka Lavington. Kuna mapazia ya nyumba nzima. Utakuja siku nzima au nusu? Nijulishe sasa, kuna mwingine yuko langoni.

Syombua alisoma akiwa amesimama uani, kati ya mlango wake na wa Tracy. Mlango wa Tracy ulikuwa umefungwa. Ndani maji yalimiminwa kwenye sufuria, lakini hayo yangeweza kuwa ya chai. Angegonga aulize. Lakini akiuliza, Tracy angelazimika kujibu, na jibu la Tracy asubuhi lilikuwa kali kuliko moyo wake wa mchana. Mto wa watu ulikuwa bado chini ya kichwa cha Munyao. Hakuna aliyekuja kuudai.

Akaandika kwa kidole gumba kilichochubuliwa na sabuni: siku nzima.

Kisha akafunga leso kiunoni, akatembea kuelekea getini polepole kuliko kawaida yake, masikio yake yakibaki nyuma, kama kuna mtu atamwita arudi akampe mzee uji mwenyewe. Hakuna aliyemwita.